Koti Lililofungwa Kike

Mgeni alikataa kiti kizuri. Alivuta kigoda cha jikoni, akakiweka karibu na mlango, akakaa na mkoba mapajani kama mtu aliyepita tu kuulizia njia.

"Karibu, wifi, jisikie uko nyumbani," mama yake Polepole akamwambia.

Mgeni akaitazama dari, akaitazama meza, akarudi tena darini. "Nimekaribia," akasema. "Ila hiyo wifi tuiweke pembeni kwanza. Tutaichukua tukiihitaji."

Polepole alikuwa amesimama na sinia la chai. Tangu alfajiri alikuwa anajizoeza kusema "shikamoo shangazi". Alikuwa ameisema mbele ya kioo, ameisema akipiga mswaki, na sasa ilipofika zamu yake neno la pili likagoma kutoka.

"Shikamoo," akasema, akaishia hapo.

"Marahaba," mgeni akajibu, naye akaishia hapo.

Jina la Polepole alipewa na wenzake kwenye chumba cha pasi, kwa dobi, alikofanya kazi tangu alipomaliza shule ya msingi. Si kwamba alikuwa mzito wa akili. Alikuwa mtu wa kutazama kwanza. Shati ambalo wenzake wangelitupa mezani na kulipitishia chuma, yeye angeligeuza huku na huku mpaka ajue kola imekunjika kwa nini. Baba yake alifariki yeye akiwa bado wa kubebwa mgongoni, kwa hiyo uso wa baba hakuwa nao kichwani. Sasa alikuwa amechumbiwa, na wakwe wangefika Jumamosi. Walikuwa wameuliza swali moja tu, tena kwa adabu: upande wa baba atakaa nani?

Swali hilo maisha yake yote alilijibu kwa kuinamisha kichwa. Safari hii mama yake akaulizia huku na kule, hadi mtu mmoja akasema marehemu alikuwa na dada, yu hai, ana mashine ya kusaga unga. Dada akapelekewa ujumbe. Akajibu kwamba atakuja, lakini asitokee mtu wa kumtia kwenye undugu wa kubahatisha. Kaka yake alikuwa mwanamaji, alipotelea baharini na manowari yake, na habari za mke hakuwahi kuzisikia. Kama kuna kitu cha kaka yake katika nyumba hiyo, akione kwa macho.

Kitu chenyewe kilikuwa kimoja tu. Mama alifungua sanduku, akalitoa kwa mikono miwili.

"Hili hapa. Koti lake la manowari."

Lilikuwa koti zito la sufu, bluu iliyokaribia kuwa nyeusi, lenye safu mbili za vifungo. Harufu ya dawa ya nondo ikajaa chumba kizima. Mgeni hakulipokea. Alifungua mkoba, akatoa leso, ndani ya leso akatoa picha ndogo, akaiweka juu ya goti lake. Halafu akamwambia Polepole, "Wewe livae."

Polepole akalivaa. Mabega yakamzidi, mikono ikammeza vidole. Akafunga vifungo.

"Umefunga upande gani?"

"Upande wenye matundu."

"Kulia juu ya kushoto," mgeni akasema. Akashika kifua cha blauzi yake mwenyewe. "Kama hii. Hivi ndivyo wanavyofunga wanawake. Mwanamume hufunga kushoto juu ya kulia, na jeshini hawafanyi mzaha na hilo." Akamgeukia mama. "Mama, kaka yangu alikuwa na mambo yake, lakini koti la kike hakuvaa."

Mama akasogea kuvitazama vifungo.

"Tuendelee. Mfuko wa kifuani. Kaka yangu huyu hapa, mfuko uko kushoto, juu ya moyo. Wa hili koti uko kulia. Vifungo vyake ni vya shaba, vinang'aa mpaka kwenye picha. Hivi ni vya plastiki, hata sare ya shule inavyo. Na mkono wa kushoto alikuwa na beji, nanga mbili zimepishana." Akavuta mkono wa kushoto wa koti, akaukagua kama anayetafuta mbu. "Beji hushonwa. Ikitolewa inaacha matundu ya sindano. Nionyesheni tundu moja."

Hapakuwa na tundu. Sufu ya mkono wa kushoto ilikuwa laini kama imetoka dukani.

"Alivyokuja kwangu lilikuwa hivyo hivyo," mama akasema. Sauti ilikuwa imeanza kumpungua. "Akasema ni koti la manowari. Mimi ningembishia nini? Manowari yenyewe nimeiona wapi?"

"Basi alikudanganya. Au alikuwa mwanamume mwingine."

"Alikuwa anaitwa hivyo hivyo unavyomwita wewe."

"Majina yanafanana, mama. Makoti ndiyo hayafanani."

Polepole akaomba kuiona picha. Mgeni akampa, lakini kidole chake hakikuachia pembe moja. Kijana mrefu, kidevu juu, amesimama studio mbele ya pazia lililochorwa mawimbi, pembeni yake boya la kuokolea watu lenye maandishi. Polepole akaitazama mpaka mgeni akakohoa. Kila alichokitaja kilikuwa pale pale alipokitaja.

Mgeni akasimama. Alikuwa amefikia kwa mwenzake mmoja mtaa wa nyuma, na kesho jioni angeondoka. "Ukipata la kunieleza, njoo," akamwambia Polepole, si kwa ubaya. "Lakini sikai mbele ya wakwe za watu nikaapa kwa koti la mwanamke."

Akatoka. Chai yake ilibaki mezani haijaguswa.

"Mama," Polepole akasema, "baba alikuwa nani?"

"Sasa na mimi unaniuliza swali gani hilo," mama akajibu. Akaketi kwenye kiti kizuri, akashika kichwa.

Asubuhi Polepole alikwenda kazini na koti ndani ya mfuko. Chumba cha pasi kilikuwa tayari kimejaa mvuke. Mkuu wa chumba hicho, mwanamke mnene mwenye maneno, ambaye wote walimwita Mama Mvuke, alilipokea koti, akalifunga, akalifungua, akalifunga tena.

"La nani hili, la bwana harusi au la bibi harusi? Naona lenyewe halijaamua."

Wenzake wakacheka. Polepole hakucheka. Akalilaza mezani chini ya taa, akaanza kulitazama kama alivyozoea, kipande kwa kipande. Mkono wa kushoto hapakuwa na kitu. Akaupitia tena kwa ncha za vidole, hapakuwa na kitu. Halafu, bila kutegemea lolote, akautazama mkono wa kulia.

Matundu yalikuwa huko. Madogo mno, yamezibwa na manyoya ya sufu, lakini yamepangana, yanazunguka umbo fulani chini ya bega.

Kwa hiyo beji ilikuwepo. Lakini mkono wa kulia? Koti hilo lilikuwa na kila kitu cha yule kijana wa picha, tena kila kitu mahali pasipo pake, mithili ya nyumba unayoifahamu vizuri kisha ukakuta mlango umehamia nyuma.

"Mama Mvuke, mtu anaweza kushona beji mkono siyo?"

"Jeshini? Angelala mahabusu." Mama Mvuke akaweka pasi wima. "Lakini umeiona picha au umehadithiwa?"

"Nimeiona."

"Basi labda picha ndiyo yenye makosa. Wewe hujui hawa wapiga picha wa zamani? Mimi picha yangu ya ndoa mpiga picha aliichapa kinyume, kwa kuweka ule mkanda wake wa filamu upande siyo. Kidoti changu kiko shavu hili, unakiona? Kwenye picha kimehamia la pili. Mume wangu akasema niache, hata huko napendeza. Mpaka leo sijui alioa shavu lipi."

Polepole akabaki amesimama, mkono hewani. Picha iliyochapwa kinyume. Kushoto inakuwa kulia. Mfuko, vifungo, beji, vyote vinahama kwa pamoja, na vyote vinakwenda kukaa pale vilipo kwenye koti. Hakukosekana hata kimoja. Akaomba ruhusa.

"Nenda," Mama Mvuke akasema. "Leo hata ukibaki utamuunguzia mtu suruali."

Akampitia mama yake nyumbani, wakaongozana hadi mtaa wa nyuma. Mgeni alikuwa uani, anakunja nguo zake alizofua. Polepole hakusubiri kukaribishwa. Akamweleza yote, ya picha na ya matundu, bila kupumua, maneno mengi kuliko aliyozoea kusema kwa siku nzima.

Mgeni akamsikiliza mpaka mwisho. Akafungua leso, akaitazama picha yeye mwenyewe kwanza. Halafu akampa, na safari hii akaiachia.

"Soma hapo kwenye boya."

Polepole akasoma. KARIBU TENA STUDIO.

"Umesoma kutoka wapi kwenda wapi?"

Polepole akaelewa. Maandishi yalikuwa yamekaa sawa. Kama picha ingechapwa kinyume, herufi zingekuwa zimegeuka kama za kwenye kioo. Njia nzima alikuwa ameikimbilia picha hiyo hiyo, na boya alikuwa ameliona jana kwa macho yake.

"Usijisikie vibaya," mgeni akasema. "Usiku hata mimi nililifikiria hilo. Nikawasha taa, nikasoma boya, nikazima."

Mama akamtazama. "Kwa hiyo nawe ulikuwa huna uhakika."

"Mimi nina uhakika, mama. Nilikuwa nahakikisha uhakika wangu." Lakini alikuwa amekwishalishika koti, na kidole chake kilikuwa kinayapapasa yale matundu ya mkono wa kulia. Akayapapasa muda. "Huyu alikuwa nani sasa," akasema, kama anaongea na koti. "Mwanamaji wa kinyume."

Katika kupapasa, akauvuta mkono wa koti kidogo, na uzi wa bitana pale kwenye pindo la mkono ulikuwa mkongwe, ukakatika. Bitana ikaachia, pakawa na mwanya wa kuingiza vidole viwili. Mgeni akaguna, akataka kukirudisha kitambaa mahali pake.

"Ngoja," Polepole akasema.

Akainama, akachungulia. Ndani, chini ya bitana, sufu haikuwa na rangi ya nje. Nje ilikuwa bluu iliyokolea. Ndani ilikuwa imepauka, inaelekea rangi ya majivu, na imelainika mpaka inang'aa, kama magoti ya suruali ya mtu anayepiga magoti kila siku. Polepole alikuwa amepiga pasi nguo nyingi kiasi cha kujua jambo moja: nguo huanza kuchakaa nje. Hakuwahi kuona nguo iliyozeekea ndani.

"Jua limeingiaje humu?" akauliza.

Mama alikuwa anamtazama mgeni, mgeni anamtazama Polepole.

"Nipeni wembe."

"Ukilichana ni juu yako," mgeni akasema, lakini aliinuka mwenyewe, akaenda kuuleta.

Polepole akakaa chini, akafumua bitana ya mkono wa kulia, uzi mmoja mmoja, mpaka juu kwenye bega. Akaipindua sufu. Na pale, katikati ya ule upande uliopauka, palikuwa na umbo la bluu iliyokolea, safi, lenye mipaka. Mahali ambapo kitu kilikaa miaka na kuikinga sufu dhidi ya jua. Nanga mbili zimepishana.

Mama akajishika kifua. Mgeni hakujishika popote. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayepiga hesabu inayokataa.

"Nanga ndiyo," akasema taratibu. "Nanga naiona. Lakini iko ndani. Nani anashona beji ndani ya nguo? Tena mkono wa kulia."

Polepole naye alikuwa hajui. Kilichomjia hakikuwa jawabu, kilikuwa mazoea ya mikono tu: kwenye chumba cha pasi, nguo nyeusi hupinduliwa ndani nje kabla ya kuguswa na chuma, isije ikametameta. Mikono yake ilikuwa imefanya hivyo mara zisizo na idadi. Akaendelea kufumua, mgongo, kifua, mkono wa pili, mpaka bitana yote ikabaki pembeni kama ngozi ya nyoka. Akalipindua koti zima. Akalivaa.

Mfuko wa kifuani ukawa kushoto. Kitambaa cha mbele chenye matundu ya vifungo kikaja juu kutoka kushoto. Kivuli cha nanga kikakaa kwenye mkono wa kushoto, chini ya bega. Na mbele, kwa safu mbili, palikuwa na viduara vidogo vya bluu iliyokolea, mahali ambapo vifungo vikubwa viliwahi kuzuia jua.

Kwa jirani mtu alikuwa anatwanga kitu, akaacha, akaendelea.

"Limepinduliwa," mama akasema. "Limefumuliwa lote, likashonwa upya, ndani ikawa nje." Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Alikuwa anasema koti lake limezaliwa mara mbili. Kila akilivaa anasema hivyo. Mimi nilidhani ni maneno ya ulevini, na pombe hanywi. Kumbe fundi alilipindua kwa sababu nje lilikwisha."

Mgeni alisogea. Akaiweka picha juu ya bega la Polepole, sambamba na kile kivuli. Kwenye picha beji haikunyooka. Nanga moja ilikuwa imelala kuelekea kiwiko zaidi ya mwenzake. Kivuli nacho kililala hivyo hivyo.

"Alijishonea mwenyewe," akasema. "Mkono mmoja, mbele ya kioo. Aliandika hivyo nyuma ya picha, kwamba tusimcheke." Hakuigeuza picha kuwaonyesha. Akarudi nyuma hatua moja, akatafuta kigoda kwa mkono bila kukitazama.

Polepole akangoja furaha ije. Alikuwa ameipangia nafasi. Lakini mwanamke aliyekuwa mbele yake alionekana kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

"Kwa hiyo vifungo vya shaba alivirudisha jeshini," mgeni akasema. "Aliacha jeshi. Manowari haikuzama na yeye."

"Mimi ya kuzama hakuwahi kuniambia," mama akasema. "Nilimkuta anafanya kazi ya kukata tiketi mlangoni pa sinema. Walitaka mtu mwenye koti la heshima."

"Sinema ipi?"

"Hii ya hapa. Siku hizi ni duka la matairi."

"Hapa." Mgeni akanyoosha kidole upande wa barabara kuu, kana kwamba neno lenyewe lina mwelekeo. "Kutoka kwetu mtu akitoka asubuhi, mchana amefika hapa. Na mama yetu amekufa anauliza meli. Kila aliyekuja na nguo nyeupe za kibaharia aliulizwa habari za meli."

"Aliniambia hana mtu," mama akajibu, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia. "Aliniambia mama alikufa, dada alikufa, wote waliisha. Nilimzika kama mtu asiye na kwao. Ningejua una mashine ya unga nisingekuja mwenyewe?"

Mgeni akamtazama. "Na mimi aliniua kwa ugonjwa gani?"

"Alisema ulikufa kwa homa."

"Homa ya nini?"

"Sikumuuliza, maskini ya Mungu. Nilimpa pole."

Mgeni akatoa sauti iliyoanza kama kilio ikaishia kama kicheko, au iliyoanza kama kicheko, Polepole hakuweza kujua. Akajifuta uso na leso ya picha. Halafu akasimama, akaingia ndani, akarudi na sindano na uzi. Akaokota bitana chini, akaikung'uta vumbi.

"Jumamosi wakija hawawezi kukuta koti liko utupu," akasema. "Nitashona leo. Upande gani uwe nje?"

"Ule wa bluu," mama akasema. "Ndio aliokuwa nao. Mimi huyo mwingine simjui."

"Bluu ni ya kukata tiketi. Nje iwe huu wenye nanga. Wakwe waone baba yake alikuwa nani."

"Umepauka kama gunia la mkaa, nani atauheshimu? Na alichokivua mwenyewe wewe unamrudishia kwa nini?"

"Alikivua bila kutuuliza. Wifi, usinibishie kitu cha kwetu."

"Kwenu ni wapi, wakati alilala kwangu na hili koti limetundikwa juu ya kichwa changu?"

Mama hakusikia alivyoitwa. Mgeni naye hakusikia alivyoita. Polepole peke yake ndiye aliyesikia, na hakuthubutu kujitikisa, neno lisije likashtuka na kurudi lilikotoka. Wote wawili wakamgeukia, naye alikuwa amesimama katikati ya ua ndani ya upande wa baba yake ambao hakuna aliyewahi kumsimulia.

"Wewe unasemaje?"

Polepole akatazama mkono wa kushoto, akatazama wa kulia. Kwa muda hakuwa na hakika tena upi ni upi. Alijaribu kuwaza baba yake angetaka nini, akamwona mwanamume mwenye koti lakini hana uso, anaingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine. Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

"Sijui," akasema. "Kwanza nivueni, shangazi. Sufu inawasha."

"Inua mikono basi," shangazi akasema, sindano ikiwa katikati ya meno. Akalishika koti kwa kola, mama akalishika kwa pindo, wakaanza kuvuta, mmoja huku, mwenzake kule.